Mchezo wa Mateso wa Oberammergau, na Michezo ya Vigango Vyetu

Kila Kwaresima inapokaribia, waalimu wa vigango hutuuliza swali moja: Je, yafaa Wakristu kucheza mchezo wa habari za Bwana wetu, au kufanya hivyo ni kuyatia mzaha mambo matakatifu? Nao wazee wa nyumba huuliza kama si hasara kuwaweka vijana jioni nyingi wakijifunza maneno na nyimbo, na huku shamba lapiga magugu. Maswali hayo si ya bure, wala hatupendi kuyajibu kwa neno moja. Tumeona ni heri kuwasimulia habari za kijiji kimoja kilichofanya kazi hiyo tangu mwaka wa 1634 mpaka zamani zetu hizi. Habari zake zina sifa, tena zina aibu, na zote mbili zatufaa.

Kijiji chenyewe huitwa Oberammergau. Kiko Bavaria, upande wa kusini wa Ujerumani, chini ya milima ya Alps, kando ya mto Ammer. Watu wake ni kama 5,000 tu. Ardhi ya huko ni ya baridi na mavuno yake si mengi, kwa hiyo tangu kale wengi wao walijipatia riziki kwa kuchonga miti: misalaba, sanamu za Bikira Maria na za watakatifu, na wanyama wa kuchezea watoto. Wachuuzi wakavitia vitu hivyo katika mizigo ya mgongoni, wakaenda navyo nchi za mbali. Karibu nao, mwendo wa saa moja hivi kwa miguu, iko monasteri ya Ettal, ya watawa wa Mtakatifu Benedikto, iliyoanzishwa mwaka wa 1330. Wasomaji wetu wa Peramiho na Ndanda wajua ya kuwa wamisionari walioanzisha misioni zao, mwaka wa 1898 na mwaka wa 1906, walitoka katika monasteri ya St. Ottilien, nayo imo katika Bavaria iyo hiyo. Basi nchi tunayoisimulia si ngeni kabisa kwetu.

Katika miaka ya 1618 hata 1648 Ujerumani iliharibiwa na vita vilivyoitwa Vita vya Miaka Thelathini. Askari walipita wakiteka nyara vyakula na mifugo, na nyuma yao yakaja magonjwa. Tauni ikaingia vijiji vya jirani. Watu wa Oberammergau wakaweka walinzi njiani ili mtu asiingie wala asitoke. Wazee wao husimulia ya kuwa mtu mmoja, jina lake Kaspar Schisler, alikuwa kibarua katika kijiji kingine, na sikukuu ya kanisa ilipokuwa karibu akamtamani mkewe na watoto wake. Akawakwepa walinzi usiku, akaingia kwake. Pamoja naye ikaingia tauni. Watu wapatao 80 wakafa, nacho kijiji kilikuwa kidogo sana siku zile.

Ndipo mwaka wa 1633 wakubwa wa kijiji walipokusanyika kanisani, wakaweka nadhiri mbele ya Mungu ya kuwa watacheza mchezo wa Mateso, Kifo na Ufufuko wa Bwana wetu Yesu Kristu kila mwaka wa kumi, kama Mungu akiwaondolea pigo lile. Wasema ya kwamba tangu siku ile hakufa mtu tena kwa tauni. Mwaka uliofuata, siku za Pentekoste, wakaitimiza nadhiri yao mara ya kwanza. Jukwaa lao walilijenga kwa mbao katika makaburi ya kanisa, juu ya maziara ya watu wao waliokufa kwa ugonjwa ule. Mwenye kufiwa na mumewe alisimama pale pale alipozikwa mumewe, akamwona Bwana akibeba msalaba. Twaomba msomaji alifikiri neno hilo kabla hatujaendelea, maana mwanzo wa mchezo huu haukuwa tamaa ya kutazamwa na watu, bali ulikuwa majonzi ya kijiji kizima yaliyotafuta maneno.

Tangu mwaka wa 1680 wamekuwa wakicheza katika miaka inayokwisha kwa sifuri, ila palipotokea sababu kubwa ya kuwazuia.

Labda mtu atauliza, Maneno ya mchezo yalitoka wapi? Hati ya zamani kuliko zote iliyosalia ni ya mwaka wa 1662, nayo ilishonwa kama shuka ya vipande, kwa michezo miwili ya zamani zaidi iliyotoka mji wa Augsburg. Yaani walianza kwa kuazima. Lakini hawakukaa na nguo ya kuazima siku zote. Mwaka wa 1750 Padre Ferdinand Rosner, mtawa wa Ettal, akawatungia mchezo mpya, wote kwa mashairi, na humo Shetani na Kifo na Dhambi walitembea jukwaani na kusema kama watu. Watazamaji waliupenda sana. Wenye serikali hawakuupenda: mwaka wa 1770 mtawala wa Bavaria akapiga marufuku michezo yote ya Mateso nchini mwake, kwa kuwa aliona mambo makuu ya dini hayafai kuwekwa jukwaani. (Mwaona basi ya kuwa swali la waalimu wetu ni la zamani.) Wanakijiji hawakuasi, wala hawakunyamaza. Waliomba, wakaomba tena, wakayatengeneza maneno yao, na mwaka wa 1780 wakapewa ruhusa wao peke yao. Mwaka wa 1810 wakakatazwa tena. Wakayatengeneza tena, na mwaka wa 1811 wakacheza.

Maneno ya mwaka ule wa 1811 yaliandikwa na Padre Othmar Weis, aliyekuwa mtawa wa Ettal kabla serikali haijaifunga monasteri ile mwaka wa 1803. Yeye aliwaondoa mashetani wote jukwaani, akaacha na mashairi, akaandika kwa maneno ya kusema tu, karibu na Injili. Na nyimbo zake zilitungwa na nani? Zilitungwa na Rochus Dedler, mwalimu wa shule ya kijiji. Mtu huyu hakuwa bwana mkubwa wa mjini aliyeitwa kwa mshahara mnono. Alizaliwa mwaka wa 1779, akafundisha watoto kusoma na kuhesabu, akaongoza nyimbo kanisani, akafa mwaka wa 1822 akiwa hajafika miaka 45. Lakini nyimbo alizowatungia watu wake zingali zikiimbwa katika mchezo huo, ingawa wengine baada yake wamezitengeneza na kuziongeza. Baadaye Padre Joseph Alois Daisenberger, paroko wao tangu mwaka wa 1845, naye mwenyewe alikuwa mwanafunzi wa Padre Weis, akayatengeneza maneno mara nyingine, na mchezo wa mwaka wa 1860 ukachezwa kwa maneno yake. Hayo ndiyo yaliyotumika zaidi ya miaka mia moja.

Waalimu walioko mbali na miji, ambao hudhani ya kuwa kutunga ni kazi ya wasomi wa vyuo vikuu, wamfikiri Dedler.

Sasa tueleze jinsi kazi inavyofanyika, maana hapa ndipo ilipo nguvu ya jambo lenyewe. Apewaye ruhusa ya kucheza ni mtu aliyezaliwa kijijini, au aliyekaa humo miaka 20. Watoto wa shule wao huingia bila kuhesabiwa miaka. Katika mchezo wa mara ya mwisho, yaani mwaka wa 2022, watu karibu 2,000 walikuwa na kazi katika mchezo, nao ni karibu nusu ya kijiji. Wako wenye kusema, wako wenye kuimba na wenye kupiga vinanda na tarumbeta. Wengine hushona majoho, wengine huchonga na kupaka rangi, wengine huchunga ngamia na punda na kondoo wa mchezo, wengine hufungua milango. Tangu Jumatano ya Majivu ya mwaka unaotangulia, wachezaji wanaume huacha kunyoa nywele na ndevu, na wanawake nao hawakati nywele. Waliosamehewa ni wale watakaokuwa askari wa Kirumi, kwa sababu Warumi walinyoa. Ukipita kijijini mwaka ule ukamwona fundi wa magari ana ndevu za nabii, wajua ya kuwa siku zimekaribia. Vinyozi, twadhani, huomba Mungu awape uvumilivu.

Kila kazi kubwa ya kusema hupewa watu wawili, nao hucheza kwa zamu, na atakayecheza siku ya kwanza hujulikana kwa kura. Hivyo hapana Petro mmoja tu, wala Bikira Maria mmoja tu, wala mtu mmoja awezaye kusema, Pasipo mimi mchezo haupo. Jambo hili twalisifu kuliko majoho na ngamia. Mwalimu aliyewahi kuona kwaya ikivunjika kwa sababu ya sauti ya mtu mmoja aliyejiona atatufahamu. Tena mtu aliyekuwa mkubwa mara hii aweza kurudi mara ya pili akiwa mmoja wa makutano, amesimama nyuma kabisa. Na mtoto aliyebeba tawi siku ya kuingia Yerusalemu, baada ya miaka 30 au 40 aweza kuwa Pilato au Kayafa. Watu wa huko huhesabu maisha yao kwa michezo: husema fulani aliolewa kabla ya mchezo ule, fulani alikufa baada ya mchezo huu.

Mchezo huchukua muda wa saa tano, na katikati watu hupumzika na kula. Watazamaji wana paa juu yao, lakini jukwaa liko wazi. Kati ya sehemu na sehemu huonyeshwa picha zilizo hai za Agano la Kale: watu husimama kimya bila kutikisika kama sanamu, na kwaya huimba maana yake. Mwaka wa 2022 walikuja watazamaji zaidi ya 400,000. Fedha huingia katika mfuko wa kijiji, nazo si haba. Hatutaficha ya kwamba fedha hizo zimewaletea na majaribu yake, maana penye wageni wengi hapakosi mwenye kuuza sanamu kwa bei ya mara mbili. Lakini hilo tuliache, maana liko neno kubwa zaidi.

Neno lenyewe ni hili. Kwa muda mrefu sana mchezo uliowaunganisha watu wa Oberammergau ulikuwa ukiwatukana watu wengine. Wayahudi walionyeshwa kuwa kundi moja lenye hasira na tamaa ya fedha, makuhani wao wakivaa kofia za ajabu zenye mfano wa pembe. Makutano yote yakapaza sauti kujilaani kwa damu ya Bwana, wao na watoto wao, kana kwamba taifa zima, la siku zile na la siku zote, lilikuwa pale mbele ya Pilato. Lakini Bwana Yesu alikuwa Myahudi. Mama yake alikuwa Myahudi. Mitume wote kumi na wawili walikuwa Wayahudi, wala hakuwa Yuda peke yake. Mtazamaji aliyetoka pale akirudi mjini kwake alimwona jirani yake Myahudi, mwenye duka au mganga, akamhesabu kuwa mwuaji wa Mungu.

Adolf Hitler alikwenda kuutazama mchezo huo mwaka wa 1930, na mara ya pili mwaka wa 1934, kijiji kilipoadhimisha miaka 300. Mwaka wa 1942 aliusifu mbele ya watu wake, akisema ya kuwa mchezo kama huo wafaa uendelee kwa sababu waonyesha hatari ya Wayahudi. Na siku zile zile aliposema hayo, Wayahudi walikuwa wakiuawa kwa maelfu. Vita vilipokwisha mwaka wa 1945 waliouawa walikuwa wapata milioni 6. Hatusemi ya kuwa wachonga miti wa Oberammergau ndio waliofanya mauaji hayo. Lakini mtu mwovu alipotafuta mashahidi wa uongo wake, aliona ya kuwa mchezo mtakatifu wa kijiji cha Wakristu wamfaa. Hiyo ni aibu ambayo mkatoliki hapaswi kuipita haraka.

Mwaka wa 1965 Mtaguso wa pili wa Vatikano ukatangaza ya kuwa mambo ya Mateso ya Bwana hayawezi kuhesabiwa juu ya Wayahudi wote wa wakati ule bila kuchagua, wala juu ya Wayahudi wa siku zetu. Wayahudi wa Marekani na wa nchi nyingine wakawa wamekwisha kulalamika, na malalamiko yakazidi. Watu wa kijiji wakafanya nini? Wengine walisema, Tubadilishe. Wengine walisema, Haya ni maneno ya babu zetu, nayo ni nadhiri. Nani aliye na haki ya kuigusa nadhiri? Mwaka wa 1977 walijaribu kuyarudia mashairi ya Padre Rosner, ambayo humo mwenye lawama ya kwanza ni Shetani na dhambi, wala si Wayahudi. Wakayacheza kwa majaribio, lakini wengi kijijini wakayakataa, na maneno ya Daisenberger yakarudi. Kijiji kilichozoea kuimba pamoja kikagawanyika, watu wa nyumba moja wakawa pande mbili.

Kisha wakamchagua kijana mmoja kuwa mwongozi wa mchezo, mzaliwa wa kijiji, aliyejifunza kuchonga miti, jina lake Christian Stückl. Aliongoza mchezo wa mwaka wa 1990, akaongoza na wa 2000, na wa 2010, na wa 2022. Hakuyatupa yote siku moja. Kila mara alipunguza na kuongeza, yeye na wenzake, wakishauriana na wataalamu wa dini na Wayahudi wenyewe. Kelele ile ya kujilaani ikatolewa. Barazani mwa makuhani wakawekwa wenye kumtetea Yesu na wenye kumshitaki, wakibishana. Pilato, aliyekuwa kama mtu mpole asiye na nguvu, akaonyeshwa alivyokuwa, mtawala mkali. Tangu mwaka wa 2010 makutano huimba sala ya Wayahudi kwa Kiebrania, Yesu akiwa katikati yao. Na kabla ya mazoezi makubwa, wachezaji wenye kazi kubwa husafiri mpaka Yerusalemu, waione nchi na kuzungumza na watu wake.

Mlango ukafunguliwa kwa wengine pia. Zamani mwanamke aliyeolewa, au aliyepita miaka 35, hakuruhusiwa kucheza; wanawake wakapeleka shauri lao barazani, nayo mahakama ikaamua kwa haki yao, na tangu mwaka wa 1990 mama na bibi hucheza pamoja na binti zao. Mwaka wa 2022 mmoja wa wawili waliocheza Yuda alikuwa Cengiz Görür, kijana Mwislamu mwenye asili ya Kituruki. Na msaidizi wa mwongozi, Abdullah Karaca, naye ni Mwislamu aliyekulia kijijini. Wako waliouliza kwa mshangao, Imekuwaje? Jibu ni kwamba wamekaa humo, wamesoma shule ile ile, na kijiji ni chao.

Twapaswa kutaja na jambo la mwaka wa 2020. Kila kitu kilikuwa tayari, nywele na ndevu zilikuwa ndefu, na mchezo ungaliendelea mwezi wa Mei. Mwezi wa Machi ukatangazwa kuahirishwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Mchezo uliozaliwa kwa tauni ukasimamishwa na tauni nyingine. Watu wakakata nywele zao, wengine wakilia, wakangoja. Siku ya Jumatano ya Majivu ya mwaka wa 2021 wakaanza tena kuziacha ziote.

Sasa turudi kwetu. Mwalimu wa kigango hana ngamia, wala hana jukwaa la watu maelfu, wala hatumshauri ayatafute. Ana kivuli cha mwembe, ana watoto wa ubatizo, ana akina mama wajuao kuimba, na wazee wajuao kusema kwa mafumbo kuliko kitabu chochote. Hivyo vyatosha. Kosa tuonalo mara nyingi ni kwamba maneno ya mchezo huja yamekwisha kupigwa chapa mahali pengine, watoto wakayakariri kama kasuku, na bibi aliyeketi mbele hafahamu hata moja katika matatu. Wachungaji wa Bethlehemu huzungumza kama makarani. Heri mwalimu awaulize wafugaji wa kweli wa kijiji chake, Ninyi mkikesha na ng'ombe usiku, mkaona nuru kubwa mbinguni, mtasemaje? Kisha ayaandike majibu yao. Tumeyasikia majibu ya namna hiyo, na mengine yatachekesha. Yaacheni, maana wachungaji nao walikuwa watu.

Kosa la pili ni la kugawa kazi. Kila kijana hutaka kuwa Herode, kwa kuwa Herode hukaa kitini na kupiga kelele. Yusufu hupatikana kwa taabu, kwa sababu hana maneno. Mwalimu atumie kura, na kazi kubwa awape watu wawili wawili, kama wale wa Oberammergau. Tena asiwasahau wasiopenda kusimama mbele za watu. Mwenye kushona ashone, mwenye kuchonga fimbo achonge, kiziwi ashike taa. Tena wale waliogombana juu ya mpaka wa shamba yafaa wapewe kazi isiyoweza kufanyika bila kukutana.

Kosa la tatu ndilo zito, na kwa ajili yake tumesimulia habari za Wayahudi kwa urefu. Mtu aweza kusema, Huku kwetu Wayahudi hawapo, neno hilo halituhusu. Tazameni basi mchezo wa Msamaria Mwema unavyochezwa katika vigango vyetu. Wanyang'anyi husema kwa lafudhi gani? Mara nyingi ni lafudhi ya kabila la jirani, na watu hucheka sana. Mchawi wa mchezo ni nani? Ni kikongwe mwenye macho mekundu. Mpagani mjinga huvaa nguo za babu zetu wenyewe. Na mfanya biashara mdanganyifu huvikwa kanzu na kofia, ili kila mtu ajue dini yake. Kesho yake asubuhi watoto wanaimba maneno hayo kisimani, na yule jirani, aliyekuja kuchota maji, anayasikia. Twajua ya kuwa katika nchi zetu vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, kwa sababu ya macho yaliyokuwa mekundu kwa moshi wa jikoni tu. Mwalimu aliyemcheka kikongwe jukwaani ameweka kuni karibu na moto.

Kwa hiyo kabla mchezo haujachezwa, twashauri usomwe mbele ya watu wachache ambao si wa kwetu: jirani wa kabila lingine, mzee Mwislamu mwenye busara, na kikongwe mmoja. Waulizwe, Je, liko neno linalowachoma? Wakisema liko, wasibishiwe kwamba ni mzaha tu. Wenye kuchomwa ndio wajuao mwiba ulipo. Watu wa Oberammergau walichelewa kuwauliza jirani zao miaka mia tatu na zaidi.

Wala tusidhani ya kuwa sisi ni watu wa kupokea tu katika kazi hii. Mwaka wa 1966 Mchungaji Bernard Kyamanywa, wa ndugu zetu Walutheri wa Tanzania, alitunga wimbo wa Pasaka kwa Kiswahili, uitwao Mfurahini Haleluya. Ukafasiriwa kwa Kijerumani mwaka wa 1969, na leo umo katika kitabu cha nyimbo cha Waprotestanti wa Ujerumani, namba 116, huimbwa huko asubuhi ya Pasaka na watu wasioijua Tanzania ila kwa wimbo huo.

Neno la mwisho ni la daftari. Mchezo ukiisha kutungwa, maneno yake yote yaandikwe kwa wino, na nyimbo zake, na majina ya waliocheza, na mwaka. Ukurasa mmoja mmoja uachwe wazi mkono wa kuume, ili watakaofuata wapate mahali pa kusahihisha. Daftari hilo liwekwe katika kasha la kigango pamoja na kitabu cha ubatizo, lisiwekwe nyumbani kwa mwalimu, kwa maana waalimu huhamishwa.